Wazee Wawili wa Humberside

Mliponikatia keki kwenye chumba cha chai mkasema, "Baba Kerubo, tuandikie kitu, usituache hivi hivi," nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa niko nyumbani. Mke wangu amegundua kwamba mchana mimi ni mtu wa maswali mengi, na ameniomba kwa upole nitafute cha kufanya. Kwa hiyo naandika.

Mshahara siutaji, mnaujua. Vyeo pia sina cha kusema: niliingia kazini nikiwa msaidizi wa wauguzi na nimetoka nikiwa msaidizi wa wauguzi, na kilichopanda kwa miaka yote hiyo ni presha. Nimechoka, na sioni aibu kusema. Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Lakini kuna mambo ya kazi hii ambayo hamtayakuta kwenye zile video mnazoonyeshwa wiki ya kwanza, na kuna wazee wawili ambao mpaka leo sijaweza kuwatua. Nitaanza mwanzo ili nifike kwao.

Nilianza katika nyumba yetu hii ya wazee hapa Maplewood, huku ughaibuni, wakati wa baridi, nikiendesha gari ambalo hita yake ilifanya kazi upande wa abiria tu. Nyumbani, kule Gucha katika nchi ya Kisii, nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mikono yangu ilijua kalamu na magunia. Asubuhi ya kwanza nilipewa suruali ya bluu, sanduku la glavu, na Sista Rhoda.

Sista Rhoda mnamjua kama mkubwa wa wauguzi. Wakati ule alikuwa nesi wa zamu tu, mama wa Machakos, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Aliniuliza mtoto wangu wa kwanza anaitwa nani, nikamwambia Kerubo, na tangu siku hiyo jina langu lingine likasahaulika. Kisha akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa amelowesha kitanda, akaniambia nimwoshe. Nilisimama mlangoni. Kwetu mwanamume haingii hata chumba anacholala mama mkwe wake, na yule bibi alikuwa wa rika hilohilo.

"Baba Kerubo, unangoja nani?"

"Sista, huyu ni mama mzee."

"Huyu ni mtu ameloa. Ingia."

Niliingia. Siku hiyo alinifundisha karibu kila kitu nilichokuja kukitumia baadaye. Bisha mlango hata kama mwenye chumba ni kiziwi. Sema jina lako hata kama ulilisema dakika tano zilizopita. Pasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu. Osha sehemu moja, funika nyingine, kwa maana mtu akifunikwa hana aibu, na wewe pia utajua pa kuweka macho. Ule mkanda wa kiunoni wa kumshikia mzee anapotembea, ambao ninyi vijana mnautundika shingoni kama skafu, ufungeni mahali pake. Mashine ya kuinulia ni ya watu wawili, hata kama mwenzako yuko kwenye simu na mchumba wake. Na nunueni viatu vizuri kabla ya kununua televisheni.

Kuna kifaa kingine ambacho hakionekani kama kifaa, nacho ni yale maswali. Kila baada ya miezi kadhaa nesi au afisa wa ustawi wa jamii huketi na mzee mmoja mmoja akamuuliza: huu ni mwaka gani, mwezi gani, tuko jimbo gani, kaunti gani, mji gani. Humpa maneno matatu ya kukumbuka. Humwambia achore saa, aweke namba zote na mishale. Anayeshindwa sana huhamishiwa upande wa pili wa mlango wa namba, ule mlango usiofunguka mpaka ubonyeze tarakimu, ili waliopotelewa na kumbukumbu wasitoke wakafa kwenye theluji. Msiuchukie mlango ule. Nimewahi kuona vidole vya mzee aliyetoka bila glavu mwezi wa kwanza, na tangu hapo sikuuchukia tena. Lakini kuupenda ni jambo jingine.

Harold na Jean walifika kwetu mwaka ule ambao nyumbani Kenya wilaya zilizikwa na kaunti zikaanza. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nikimnyoa Harold ndevu huku nikifikiria matanga ya wilaya yangu. Walikuwa Waingereza, mume na mke. Binti yao Susan alikuwa ameolewa huku Saint Paul, mji wa jirani, akawaleta wazeeke karibu naye. Walipewa chumba kimoja ghorofa ya juu, chenye dirisha linalotazama miti, na vitanda viwili walivyovisukuma vikawa kimoja, jambo ambalo lilitutesa sana wakati wa kubadilisha mashuka. Maneno yao nayaandika kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza chao chenyewe kilinichukua wiki mbili kukizoea. Jean nilimwita Mama Jean. Yeye aliniita mpenzi, kama wanavyoita watu wa kwao hata muuza maziwa, na mke wangu nilimwambia mapema ili asisikie kwa wengine.

"Unatoka wapi?" Harold aliniuliza asubuhi ya kwanza, sabuni ikiwa imejaa shavuni.

"Kenya. Wilaya ya Gucha, ila mwaka huu imefutwa."

Alinishika mkono wenye wembe. Macho yake yakawa ya mtu aliyekutana na ndugu uwanja wa ndege.

"Imefutwa? Na mimi pia, bwana! Mimi ni mtu wa Humberside!"

Basi akanisimulia, na akaendelea kunisimulia kila asubuhi ya kunyoa. Mwaka 1974 serikali yao kule London ilichora upya ramani ya nchi. Ilikata kipande cha Yorkshire kaskazini mwa mto Humber, ikakata kipande cha Lincolnshire kusini, ikavishona pamoja vikawa kaunti mpya. Mto wenyewe hapo ni mpana kama ziwa, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na wakati ule haukuwa na daraja. Watu wa pande zile mbili walikuwa wametazamana tangu enzi na enzi bila hamu ya kutembeleana. Harold alikuwa fundi wa idara ya barabara. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzunguka na lori akichimbia nguzo na kupandisha vibao vya kuwaarifu wapita njia kwamba wanaingia Humberside.

"Nilipandisha kibao leo, kesho wamekipaka rangi," alisema. "Nikakiosha, wakakipaka tena. Nilikuwa mwosha vibao kama wewe ulivyo mwosha wazee, na shukrani zilikuwa zilezile."

Kibao kimoja alikichimbia upande wa kusini, mbele ya lango la shamba. Akatoka msichana wa nyumba ile, mikono imejaa unga, akamuuliza ni nani aliyemruhusu. Alimwambia kwamba baba yake mwenyewe alilala Lincolnshire akaamka mahali pasipojulikana, na wala hakuhama kitanda. Harold akamwambia yeye anachimba tu. Msichana akasema basi achimbe mbali. Alisogeza nguzo. Juma lililofuata akarudi kwa feri kuangalia kama nguzo imesimama sawasawa, na juma lililofuata tena, na nguzo yenyewe haikuwa na tatizo lolote. Msichana huyo alikuwa Jean.

Kaunti ile iliishi miaka ishirini na miwili. Ilijenga daraja, refu kuliko yote ya namna yake duniani kwa wakati huo, lakini watu walivuka daraja na hawakuvuka mioyo. Mwisho serikali ikaifuta, ikagawanya mahali pale vipande vinne, viwili kila upande wa mto. "Ilianza tarehe mosi Aprili na ikafa tarehe mosi Aprili," Harold alisema. "Siku ya wajinga, mara zote mbili. Hakuna aliyeweza kusema hakuonywa." Polisi wakabaki na jina la zamani, na uwanja wa ndege pia. Vibao ndivyo vilivyoondolewa, na fundi aliyetumwa kuving'oa alikuwa yeye aliyevipandisha. Jean alifunga mikate na chupa ya chai, akapanda lori pamoja naye, kinyume cha sheria za kazi, wakazunguka wakizika kaunti yao.

"Hukujiwekea hata kibao kimoja?" niliuliza.

"Ni mali ya kaunti."

"Lakini kaunti imekufa, Mzee."

"Basi ni mali ya marehemu. Nyoa."

Mimi nilimsimulia ya kwetu. Wilaya ya Gucha ilipokatwa kutoka Kisii tulichinja ng'ombe na kucheza ngoma, mkuu wa wilaya akaletwa Ogembo, ofisi zikapangishwa kwenye vyumba vya duka. Tuliona tumefika. Kisha katiba mpya ikaja, na kitambulisho changu kikabaki kinataja mahali ambapo serikali yenyewe haipatambui tena. Harold alisikiliza kama anasikiliza muziki. Aliniuliza vibao vyetu vilifanywa nini. Nilimwambia vingi vingali vimesimama, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuving'oa, na akasema nchi yetu ina busara.

Siku moja nikimsaidia Mama Jean kuvaa soksi nilimuuliza kwa nini mzee hasemi tu kwamba ni mtu wa Yorkshire, maana alizaliwa huko kabla hata ya hiyo Humberside. Alinijibu bila kuinua macho kwenye fumbo la maneno alilokuwa akijaza gazetini.

"Akisema Yorkshire, mimi nabaki ng'ambo, mpenzi. Kaunti ile haikuwahi kuwa na raia waaminifu zaidi ya wawili."

Baridi ya pili Harold alianza kupotea. Kwanza vitu vidogo: chai mara mbili, shati juu ya shati. Mimi nilivifunika, kama kila mmoja wenu anavyofunika mambo ya mzee anayempenda. Kisha asubuhi moja, theluji imelala, nilikuwa naegesha gari nikamwona kwenye maegesho yetu, ana pajama na viatu vya ndani, amekumbatia nguzo ya kibao cha maegesho ya walemavu. Alikuwa anaitikisa kwa nguvu zake zote.

"Nisaidie," aliniambia, midomo ya bluu. "Wanataka vyote viwe vimetoka kufikia kesho."

Nilimvisha koti langu na kumbeba ndani. Sista Rhoda, ambaye sasa alikuwa mkubwa wa wauguzi, alikuwa amesimama mlangoni na blanketi. Hakunigombeza. Alimpasha joto miguu kwa mikono yake mwenyewe, na alipomaliza akasema lazima aulizwe maswali.

Nilijua maana yake, na Mama Jean pia alijua. Mlango wa namba ulikuwa wa waliopotelewa na kumbukumbu peke yao. Mwenye akili timamu hakuruhusiwa kulala kule, akitaka asitake. Harold akivuka, vitanda vile viwili vitatenganishwa, mmoja juu na mmoja chini, na watu waliolala pamoja karibu miaka arobaini wataonana saa za wageni.

Maswali yaliulizwa na afisa wa ustawi wa jamii, kijana mpole wa hapahapa. Alipofika kwenye kaunti, Harold akajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Humberside." Kijana aliandika kosa. Baadaye alitafuta jina hilo kwenye kompyuta, akaona hakuna kaunti ya namna hiyo, akaongeza kwamba mzee anaamini mahali pasipokuwapo. Niliposikia hayo niliingia ofisini kwa Rhoda bila kubisha.

"Sista, hapo mmemwonea. Kaunti ilikuwapo! Alifikiri anaulizwa kwao. Ukiniuliza mimi wilaya nitasema Gucha, nami pia utanifungia?"

"Baba Kerubo, kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama uniskize. Hata nikikupa hiyo ya county, nimwekee tick, zile zingine nitatoa wapi? Amesema tuko mwaka gani, unajua?"

"Wazungu hawa wanauliza vibaya."

"Sawa. Nitamuuliza mimi, pole pole, na Jean awe hapo. Lakini usiniletee hiyo uso kama ataanguka."

Aliuliza yeye mwenyewe, chumbani kwao, asubuhi baada ya kifungua kinywa, wakati ambao wazee wengi huwa wako sawa. Alibisha mlango. Alisema jina lake. Aliketi chini kidogo kuliko mzee. Sijaona mtu akiulizwa kwa heshima zaidi ya ile, na nilikuwa na hakika kwamba mzee wangu atapita. Kwenye kaunti alisema Humberside, kisha akacheka, akasema, "Ah, unamaanisha hapa? Hapa sijui, mimi ni mgeni." Nilimkonyeza Mama Jean. Ndipo Rhoda akanyoosha mkono polepole kuelekea kwa Jean aliyeketi kando ya kitanda.

"Na mama huyu ni nani?"

Harold alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu mliyepanda naye basi moja.

"Hatujatambulishwa," alisema. "Ila kwa kuongea kwake, nadhani ni wa upande wa kusini."

Mama Jean alimnyooshea mkono akamwambia jina lake. Alisema amefurahi kumfahamu. Mimi nilitoka nikaenda kukunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

Harold alivuka mlango juma lile. Mama Jean aliomba avuke naye. Susan aliomba, mimi niliomba, na Rhoda akaomba juu kwa wakubwa ingawa alijua jibu. Alirudi akasema haiwezekani, na akasema pia kwamba yeye mwenyewe asingekubali. "Siwezi kumfungia mtu mwenye akili zake," aliniambia. "Hiyo ni jela." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikasirisha. Mama Jean alibaki juu na dirisha lake. Alishuka kila siku saa za wageni, akagonga, akafunguliwa, na wakati wa kuondoka Harold alikuwa akimsindikiza mpaka kwenye mlango na kumuuliza kama feri bado ipo.

Zamu ya Mama Jean ya maswali ilifika majira ya kuchipua, kama kawaida ya kila mtu. Mimi nilikuwa chumbani nikijaza jagi la maji. Rhoda aliuliza mwaka, Mama Jean akataja mwaka ambao Susan alikuwa hajazaliwa. Aliuliza mji, akasema hajui. Maneno matatu aliyopewa yote yalimpotea. Alipochora saa nilimwona vizuri, kwa sababu nilikuwa nyuma yake: alichora duara safi, akapanga namba zote kumi na mbili mahali pake, akaitazama kazi yake kidogo, kisha akageuza penseli akafuta namba sita za upande mmoja kwa kifutio, akapuliza vumbi lake.

Jana yake alikuwa amenifunga karata mara tatu na kunisahihisha nilipohesabu vibaya.

Rhoda alikusanya vitu vyake akanivuta mpaka chumba cha mashuka.

"Umeona?"

"Nimeona nini, Sista?"

"Usinichezee, Baba Kerubo. Huyo mama ni mzima kukuliko."

"Sasa utafanyaje?"

Ni mtu wa sheria, mnamjua, aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya kucha. Alinyoosha taulo moja juu ya rafu.

"Mama yangu alikufa Machakos niko hapa, nageuza mama za watu," alisema. "Mimi nimeuliza, yeye amejibu. Naandika alichojibu. Mungu atanisamehe, ama asinisamehe."

Hivyo Mama Jean alivuka. Tulisukuma vitanda vyao vikawa kimoja tena.

Kule ndani alikuwa akihudumu Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Kalemie ambaye wengi wenu mmefanya naye kazi. Yeye hakuambiwa lolote, na siku ya tatu alikuja kuniuliza. "Papa, ule mama iko na akili yote. Ananikumbusha hata dawa za bwana yake. Anafanya nini huku?" Nilimwambia ni mkewe. Akasema, "Bon," yaani sawa, na hakuuliza tena. Nilipomsimulia juu ya ile kaunti yao hakushangaa hata kidogo. "Kwetu pia walikata-kata province. Mi nilizaliwa Katanga, leo banasema ni Tanganyika. Nyumba ya mama haikutembea hata mètre moja."

Niliwahi kutaka kumpa Mama Jean tarakimu za mlango, kwa siri, ili atoke kidogo akanyooshe miguu. Aliziba masikio kwa viganja.

"Usiniambie, mpenzi. Nikijua, siku moja nitatoka."

Nitawaambieni kilichokuwa kikitendeka kule ndani, maana watu hudhani ilikuwa huzuni tupu. Kila asubuhi Harold aliamka kando ya mwanamke asiyemfahamu, akafadhaika, akaomba radhi. Kila asubuhi Jean alimwambia asijali, akamuuliza anafanya kazi gani. Harold alimwambia anapandisha vibao. Kufikia chakula cha mchana alikuwa amempenda, na jioni alimwomba ruhusa ya kuja kumtembelea juma lijalo. Sikumwona Jean akilia isipokuwa mara moja, na alisema ni kitunguu, siku ambayo jikoni walipika tambi. Lakini alikuwa akikonda. Hakuwa na mtu wa kuongea naye kwa akili yake kamili isipokuwa mimi na Furaha, nasi tulikuwa na wazee wengine wa kuosha. Fumbo la maneno liliacha kujazwa. Nilidhani ni uchovu.

Harold alituacha baada ya baridi mbili nyingine, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua siku chache tu. Tulimwosha mimi na Furaha, na nilipasha mikono kwanza, sijui kwa nini. Mama Jean alikaa naye mpaka walipomchukua. Baada ya maziko Susan alikuja ofisini. Alitaka mama yake arudishwe juu, kwenye dirisha lake, karibu na watu wa kuongea nao. Rhoda alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Ilibaki jambo moja tu, aulizwe maswali apite, na hilo sote watatu tuliliona kama kusaini jina.

Nilimwambia mapema, nikimchana nywele.

"Mama Jean, kesho jibu sawasawa. Umesikia? Utarudi juu."

"Ndiyo, mpenzi."

Rhoda alibisha mlango. Alisema jina lake. Alimuuliza mwaka, na Mama Jean akautaja ule wa zamani. Rhoda alitabasamu, akamwambia hapana Mama, leo tunasema ukweli, hakuna tatizo, tunajua. Akauliza tena. Mama Jean alijibu mwaka uleule, kwa subira, kama anayerudia kwa mtu asiyesikia vizuri. Maneno matatu hakupata hata moja. Nilitazama uso wake nikitafuta ule ujanja, nikautafuta sana.

Alipewa penseli. Alichora duara lililopinda. Aliandika namba zote upande mmoja, zimebanana, zikashuka mpaka nje ya duara, na hakukigusa kifutio. Aliiweka penseli chini taratibu. Kisha akamwinamia Rhoda, akashusha sauti kama mtu anayeomba siri ya mtihani, na macho yake yalikuwa na matumaini ambayo sikuwa nimeyaona tangu avuke.

"Nimefeli?" aliuliza. "Tafadhali niambie nimefeli. Mume wangu yuko ndani kule, na wasiponipeleka atakuwa peke yake."

Rhoda aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Umefeli, Mama."

"Afadhali," alisema Mama Jean. Alijifunga mwenyewe kifungo cha sweta, akashika mkono wangu, na tukaenda naye kitandani kwake.